Shangazi, mume wangu hajalala siku tatu sababu ya muguka, nimpeleke methadone Malindi?

Shangazi shikamoo,

Naandika hii usiku, watoto nimewapeleka wakalale kwa mamangu. Mimi niko hapa Mambrui, umri wangu 31, nimeolewa na nina watoto watatu, naomba unisaidie mawazo manake nishachoka na kila mtu ananiambia lake.

Mume wangu anaendesha tuktuk ya Malindi na huku kwetu, tuktuk yenyewe si yake ni ya tajiri, anapeleka hesabu kila siku. Alipoanza muguka kusema kweli sikuona neno, pale steji madereva karibu wote wanatafuna, ukipita jioni utawakuta wamekaa na bigijii na njugu na soda wanapiga stori wanacheka, na yeye alikuwa ananiambia inamsaidia asisinzie akibeba watu usiku. Basi ikaenda hivo. Kwanza ilikuwa ya hamsini jioni peke yake, ikawa ya mia, saa hii anaanza asubuhi hata chai hajanywa. Nikifua suruali zake nakuta vijani vimeshikana na bigijii ndani ya mfuko mpaka nitoe kwa kisu. Siku akiwa na pesa inafika mia nne, mia tano. Hesabu ya tajiri haitimii, na mbuzi wangu wawili nilionunua na pesa ya chama aliwauza akaniambia wameibiwa, nikaja kuambiwa na mtu mwingine kabisa.

Lakini Shangazi pesa ningevumilia. Kinachoniogopesha ni usingizi. Mwezi uliopita alikaa siku tatu hajalala, usiku wa tatu akachukua panga akasimama mlangoni mpaka alfajiri, anasema tajiri ametuma watu waje wamuue wako nyuma ya nyumba wanaongea, mimi nasikiliza sisikii kitu ni minazi tu na upepo. Nikimwambia hakuna mtu ananiangalia kama na mimi niko nao. Dirisha la chumbani akaligongomea mbao. Kulipokucha akaanguka kitandani akalala kutwa, alipoamka akala wali sahani tatu, alafu akalia, akaniambia nisamehe mama watoto, nawacha. Na akawacha kweli, siku nne. Lakini siku hizo nne alikuwa kama mgonjwa, analala tu, hasemi, akisema ni ukali, na akawa anaota ndoto mbaya anapiga makelele. Ya tano akarudi steji na akarudi vile vile. Sasa ameongeza vidonge vya usingizi ananunua kimoja kimoja dukani havina hata pakiti, hawezi kulala bila hivyo, na ni miezi sasa.

Mavyaa anasema mwanawe ana majini, kuna mganga huko bara mtu hufungwa minyororo mpaka apoe, na ameshaanza kuchanga pesa. Shemeji anasema kuna methadone hospitali ya Malindi, jirani yetu mmoja alikuwa teja wa unga miaka na miaka alienda kunywa methadone kila siku na sasa ni mzima ana kazi yake, kwa hivo na sisi tumpeleke akanywe. Mimi nilipiga simu sober house moja nikaulizia, pesa walionitajia ya mwezi mmoja, Shangazi mimi nauza mahamri na viazi karai asubuhi, sijawahi kuishika pesa kama hio kwa pamoja. Mamangu yeye anasema nirudi nyumbani nidai talaka.

Talaka siitaki. Huyu mtu alikuwa mzuri. Alikuwa kipa wa timu ya hapa mtaani, anapenda mpira mpaka basi, injini yoyote ukimpa anaifungua anaifunga, na binti yetu wa kwanza ndio roho yake. Na kitu kimoja kinanichanganya, Ramadhani anafunga, mchana kutwa hatii kitu mdomoni, ikishapita futari tu ndio anaanza mpaka daku. Sasa kama anaweza mchana mzima si ina maana anaweza kuwacha akitaka? Mbona hataki? Na hio methadone itamfaa? Na mimi nibaki hapa ama niende kwetu?

Mke mwenye mashaka, Mambrui

...

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na lile la panga kwanza, mengine yote yatangoja. Mtu aliyekaa siku tatu bila usingizi na muguka mdomoni muda wote, akaanza kusikia watu wanaongea nyuma ya nyumba na kushuku mpaka mkewe, huyo ubongo umemchafuka, na hiyo ni hali inayojulikana hospitalini, wanaiona kwa miraa na muguka, wanaiona kwa kokeini, wanaiona kwa hiyo meth inayosumbua nchi nyingine (hiyo ni dawa ya kulevya ya kuamsha, sio methadone). Mara nyingi inatulia mtu akiwacha kutafuna na akapata usingizi, ndani ya siku kadhaa ama wiki moja mbili hivi, lakini wakati ipo ni hatari kwake na kwako manake anaamini kabisa anachosikia. Usibishane naye usiku ule. Usimwambie hakuna mtu, na pia usimwambie wapo. Mwambie naona unaogopa, niko hapa, kaa. Ongea taratibu, usimzibie mlango, na wewe kaa karibu na njia ya kutokea. Na ukiona panga limeshikwa tena, toka na watoto, ita shemeji na wanaume wawili watatu anaowaamini, apelekwe hospitali usiku huo huo. Mapanga na visu vikubwa viondoe kwa nyumba leo, vipeleke kwa jirani, sema unavinoa ama sema lolote.

Hospitali gani? Anzia Malindi, hospitali ya sub-county, emergency, uwaambie maneno haya haya ulioniandikia mimi: siku tatu hajalala, anasikia sauti, alishika panga, anatafuna muguka kutwa na anameza vidonge vya usingizi kwa miezi. Usiwaambie tu "hajiskii vizuri", watampa panadol na mrudi nyumbani. Wakiona ni zaidi ya uwezo wao watampeleka mbele, huku Pwani wagonjwa wa akili kwa muda mrefu wamepelekwa Port Reitz, Mombasa. Dawa atakayopewa kwa siku hizo ni ya kumtuliza na kumlaza, sio ya kumwachisha muguka, hilo lielewe mapema usije ukadhani ameshapona akirudi nyumbani ametulia.

Na hivyo vidonge. Hapa sikiza vizuri manake ndio watu wanakosea. Muguka mtu anaweza kuwacha ghafla, atateseka lakini mwili hautamuua. Vidonge vya usingizi vya aina ya Valium mtu aliyevimeza kila siku kwa miezi akiviwacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa. Kwa hivo msimnyang'anye vyote siku moja. Chukua kimoja kama kimebaki, kifunge kwa karatasi, nenda nacho kwa daktari akiangalie ni nini, yeye ndio ampangie kupunguza pole pole. Sababu hiyo hiyo ndio inafanya nikuombe umzuie mavyaa na ile safari ya bara. Mtu amefungwa mnyororo chini ya mti, vidonge vimekatwa kwa siku moja, akishikwa na kifafa pale nani atamsaidia? Usimvunjie mavyaa heshima na usibishane naye habari za majini, dua na kisomo visomwe nyumbani, mzee wa msikitini aje amsomee, hakuna ubaya na kuna watu inawapa nguvu sana. Mwambie tu mama, hizo pesa ulizochanga tumpeleke kwanza kwa daktari, na kisomo tufanye hapa ukiwa umekaa naye wewe mwenyewe. Mama anataka mwanawe apone, mpe kazi ya kufanya.

Sasa methadone. Shemeji ana nia njema na alichokiona kwa jirani ni kweli, kliniki ile ya Malindi ilifunguliwa 2015, ni kati ya za kwanza kabisa Kenya, na imewatoa mateja wengi kwenye sindano. Lakini methadone ni ya unga, ya heroini. Inakaa pale pale ambapo heroini inakaa kwa ubongo, mtu hapati arosto, basi anatulia anaweza kufanya kazi. Muguka haikai hapo. Muguka inapita njia nyingine kabisa, ile ya kuamsha, kuchangamsha, kukufanya uone kila kitu kinawezekana, na methadone huko haina la kufanya. Tena mtu ambaye hatumii unga akipewa methadone inaweza kumzimia pumzi akafa, na yeye ana vidonge vya usingizi juu yake. Kwa hivo hata jirani akisema nitawapa yangu kidogo, hapana. Hapana kabisa.

Utaniuliza basi ya muguka ni dawa gani. Haipo, mwanangu. Na si eti haipo Mambrui, hata Marekani ambako vijiji vizima vimeliwa na meth hakuna dawa iliyopitishwa rasmi kwa ulevi wa hivi vitu vya kuamsha. Mwaka 2021 walitoa majibu ya jaribio kubwa la kuchanganya dawa mbili kwa watu wa meth, waliofanikiwa walikuwa kama 13 kwa kila 100, na wale waliopewa dawa bandia kama 2 au 3. Afadhali kuliko kitu bure, lakini hata hiyo ni ya meth, sio muguka. Kwa hivo mtu akikuuzia chupa ama kidonge cha "kusafisha muguka kwa damu", weka pesa yako.

Kinachofanya kazi ni kitu kingine, na ndio nataka ukishike, manake hakihitaji pesa ya sober house na kinaweza kufanyika kwa nyumba yako kama kuna watu wawili watatu wa kusaidiana.

Turudi kwa swali lako la Ramadhani. Umeuliza kama anaweza mchana kutwa mbona asiwache akitaka. Angalia Ramadhani inampa nini. Inampa saa inayojulikana ya kuanza na kumaliza, watu wote waliomzunguka wamefunga na yeye, hata steji hakuna anayetafuna mbele yake, na ikifika magharibi kuna kitu kitamu kinamngoja, leo leo, sio mwaka ujao. Adhana tu inamaliza, steji imejaa tena, basi na yeye amerudi. Kutaka kwake hakujabadilika asubuhi na jioni, kilichobadilika ni kilichomzunguka. Na ubongo uliozoea muguka miaka umechoka, hauoni utamu wa vitu vidogo, ndio maana zile siku nne alikuwa kama maiti. Ukimwambia wacha muguka mwakani tutanunua tuktuk yetu, hiyo iko mbali sana haimshiki. Anahitaji kitu cha leo.

Hii si fikra yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Vermont, jimbo la Marekani lenye mashamba na vijiji zaidi kuliko miji, daktari wa saikolojia anaitwa Stephen Higgins alianza kuwatibu watu wa kokeini kwa njia ambayo wengi walimcheka. Mtu anakuja mara tatu kwa wiki, anapimwa mkojo, ukiwa safi anapata pointi. Ya kwanza thamani yake dola mbili na nusu. Ukija safi tena inapanda kidogo, tena inapanda, ukija mchafu hupigwi wala hufukuzwi, unarudi tu kwa ile ya kwanza uanze upya. Pesa mkononi hawapewi, zile pointi wananunuliwa vitu vya kuwatoa kwa maskani, mpaka leseni ya kuvua samaki. Pamoja na hiyo wanakaa na mshauri, wanasaidiwa kutafuta kazi, kurudiana na wake zao, kupata marafiki wasiotumia. Kwa majibu waliyotoa 1994, waliopewa pointi 75 kwa 100 walimaliza matibabu ya wiki 24, wasiopewa 40 kwa 100, na ushauri ulikuwa ule ule. 2018 wataalamu wakakusanya tafiti 50 za kokeini na amfetamini wakalinganisha kila aina ya matibabu ya mazungumzo, na hii ya zawadi ikiunganishwa na kumjengea mtu maisha mengine ndio ilitoka juu.

Najua kuna atakayesema, alaa, mtu alipwe kwa kutofanya ujinga? Mwambie mbona muguka inamlipa kila jioni, dakika chache tu baada ya kutafuna, na hakuna mtu anasema kitu. Wewe unashindana na hiyo. Huwezi kushindana nayo kwa matusi.

Ukweli lakini, huyu wako hawezi kuanza hii akiwa bado anasikia sauti. Kwanza hospitali, kwanza alale, akili irudi. Ndio maana nimeanza na panga.

Akishatulia, chagua wakati. Usiongee naye akiwa ametafuna, hata neno moja, hapo unaongea na majani. Ongea ile siku ameamka amelala vizuri, amekula, kama ile siku aliyolia, hiyo ndio saa yako. Na usianze na mbuzi. Najua mbuzi wanauma, wewe umechanga ukawanunua, lakini leo usianze nao. Mwambie ninavyokuona ukiwa umelala na umekula narudi kumuona yule niliyemuoa, nimekumiss, nataka tujaribu kitu, na uwe ushajua tayari mtaenda wapi na siku gani, manake ukimwacha aseme sawa nitaenda wiki ijayo, wiki ijayo haiji. Kuna njia ya kufundisha jamaa za walevi inayokwenda hivi hivi, na 1999 kule Marekani walipoijaribu kwa jamaa za walevi wa pombe waliokuwa wamekataa kabisa matibabu, 64 kwa 100 waliingia. Jamaa waliofundishwa kumketisha mtu mbele ya ukoo mzima wamsomee makosa yake, watu wao walioingia ni 30 tu kwa 100. Kwa hivo kama kuna anayepanga kumkalia kikao na wazee, kiacheni kwanza.

Alafu daftari. Shemeji ndio alishike, sio wewe, manake wewe ni mkewe na mkikorofishana kuhusu chumvi atasema umemnyima pointi. Vipimo vya mkojo vya duka la dawa vingeshika kokeini lakini muguka mara nyingi havishiki, usipoteze pesa huko. Muguka inajionyesha. Ulimi, pembe za mdomo, mfuko wa suruali ambao wewe ndio unaufua, usiku amelala ama amekaa, sahani imeliwa ama imerudi. Shemeji amuone kila jioni baada ya isha, dakika tano, wakubaliane pamoja na yeye mwenyewe, siku ni safi au si safi, inaandikwa. Siku ya kwanza safi kitu kidogo, tuseme ya thamani ya hamsini, ile ile ya muguka yake ya zamani. Ya pili sitini, ya tatu sabini, inapanda hivo. Akiteleza inarudi hamsini na kesho anaanza, bila kelele. Akimaliza wiki kuna kikubwa, na hapo umeniambia mwenyewe anapenda nini. Glavu za kipa. Bando la kuangalia mechi. Kiingilio cha mpira Jumapili akiwa na binti yake. Spana nzuri moja moja mpaka akamilishe seti, manake mtu wa injini akipata spana zake atatengenezea watu pale nyumbani, na jioni yake ikijaa kazi steji itamuona mara chache. Cash usimpe. Na ahadi ikishaandikwa itimize siku ile ile hata kama mahamri hayakuuzika, ukiichelewesha mara moja tu basi imekufa. Pesa itoke wapi? Yeye alikuwa anatafuna mia nne kwa siku, mwambie shemeji amsindikize apeleke hesabu kwa tajiri na kilichobaki kikabidhiwe kwako kabla hajapita steji.

Steji yenyewe ndio mtihani. Kama tajiri wenu ni mtu wa kusikia, shemeji aende akaongee naye mume wako afanye mchana tu, asibebe usiku, hata kwa miezi mitatu. Ile ya usiku ndio ilimtia kwa muguka na ndio itamrudisha. Na wewe usimdanganyie tajiri kwamba anaumwa, wala deni la kibanda cha muguka usilipe hata shilingi, akija muuzaji mwambie amngoje mwenyewe. Usingoje serikali pia. Mei 2024 Mombasa walipiga marufuku muguka na Kilifi yetu ikafuata, mahakama kule Embu ikasimamisha, Rais akasema marufuku hayana nguvu, na mwanangu wewe unaijua hali ya steji leo.

Atateleza. Karibu wote huteleza, tena wiki ya kwanza na ya pili ndio mbaya, mwili mzito, usingizi mwingi, njaa, hasira, zile ndoto za kutisha ulizoziona. Ndoto zinapita, mwambie mapema kwamba zitakuja na zitapita, mtu akijua hashtuki. Mpe chakula kila anapotaka, maji mengi, alale. Ila kuna jambo moja uliangalie hapo, huzuni. Wakati huo watu wengine huona maisha hayana maana. Muulize waziwazi, una mawazo ya kujidhuru? Kuuliza hakumtii wazo. Akisema ndio, usimwache peke yake, hospitali.

Mshauri mpate pia, usiibebe peke yako na daftari. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na mihadarati, wana simu ya bure 1192, masaa yote, unaweza kupiga wewe hata yeye hajakubali, wakuambie ni wapi karibu na kwenu kuna mshauri, na mengine mnaweza kuongea kwa simu bila nauli ya kwenda Malindi kila siku. Omari Project wako Malindi tangu miaka ya 1990, kazi yao kubwa imekuwa ya unga lakini wanajua watu wa mihadarati kuliko mtu yeyote hapo, nenda ukawaulize ana kwa ana. Na yule CHP, mhudumu wa afya wa kijiji chenu anayepita nyumba kwa nyumba, mwambie, aje amuone na ampime presha, muguka inapandisha presha na moyo wa mtu aliyekesha siku tatu sio wa kuchezewa. Sober house ya bei ile usijiuzie vitu kuifuata. Kwa wengine inasaidia, lakini miezi mitatu ndani ya ukuta alafu anarudi steji ile ile na tuktuk ya usiku ile ile, umelipa kumpumzisha.

La mwisho, ubaki ama uende. Nenda kwenu, leo, wewe na watoto, mpaka daktari amuone na usiku ukae shwari. Mwambie mbele ya shemeji, tena kwa maneno mepesi, kwamba hujaondoka kwa talaka, umeondoka kwa sababu ya panga na ya zile sauti, na siku atakayokubali kwenda Malindi wewe utakuwa kwa tuktuk ya kwanza mkae pamoja. Mchana njoo na binti yake wakati shemeji yupo, wakae, ale mkono wa mwanawe, usimnyime hilo manake ndio kamba iliyobaki. Usiku rudi kwa mamako. Na mamako akianza habari ya talaka mwambie Shangazi amesema tuongee hiyo baada ya daktari, sio kabla.